Lazizi, Nerea au Kuliko Jana: Ulinganisho wa Nyimbo za Sauti Sol kwa Anayetaka Kuchagua

Sauti Sol walitangaza mwezi Mei 2023 kwamba wanapumzika kama bendi, wakawaaga mashabiki wao jijini Nairobi mwezi Novemba mwaka huohuo, na tangu hapo kila mmoja amekuwa akishughulika na kazi zake. Kilichobaki mikononi mwa wasikilizaji ni albamu tano, kuanzia Mwanzo hadi Midnight Train ya mwaka 2020, pamoja na nyimbo kadhaa zilizotoka moja moja, na mtu anayetaka kuwafahamu leo hana budi kuchagua pa kuanzia. Uchaguzi huo si mwepesi kama unavyodhaniwa, kwa sababu waliorekodi Lazizi na waliorekodi Melanin ni watu walewale wanne, lakini anayeupenda wimbo wa kwanza si lazima aupende wa pili.

Nieleze mapema upande ninaouegemea. Nilikuwa darasa la nane Lazizi ulipokuwa ukipigwa redioni, na nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne Nerea ulipotoka mwaka 2015, kwa hiyo miaka yangu yote ya sekondari imo kati ya nyimbo hizo mbili, na asiyependa upendeleo wa namna hiyo anaweza kunipunguzia alama. Hata hivyo nina kipimo ambacho nimejitahidi kukitumia kwa nyimbo zote sawasawa: je, umeme ukikatika, watu wanne wenye gitaa moja wanaweza kuuimba wimbo huu nao ukabaki mzima? Kipimo hicho sikukitoa hewani. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walianza kuimba pamoja wakiwa wanafunzi wa Upper Hill, Nairobi, na Polycarp Otieno akajiunga nao na gitaa lake bendi ilipoanzishwa mwaka 2005. Sauti zilitangulia, ala zikafuata, na ninaamini kwamba kazi zao zilizo bora ni zile ambazo utaratibu huo haukupinduliwa studioni.

Tuanze na nyimbo za mapenzi, kwa kuwa ndizo nyingi na ndizo zinazoombwa zaidi. Lazizi, uliotoka katika albamu ya Mwanzo, ni wimbo wa kumbembeleza mpenzi kwa sauti ya chini, gitaa likitembea polepole chini ya maneno, na hakuna mahali popote ambapo mwimbaji anataka kukuonyesha jinsi anavyoweza kupandisha sauti. Sura Yako, wa mwaka 2014, nao unamsifu mwanamke na kumhakikishia kwamba ndiye aliyechaguliwa, lakini unamsifu mbele za watu: mdundo ni wa kuchezeka, kiitikio kinadaka kila aliyepo, na ndani yake mna mtindo wa kucheza uitwao Lipala ambao ulienea haraka kuliko wimbo wenyewe. Rais Barack Obama alipozuru Kenya mwezi Julai 2015 aliucheza Lipala pamoja na bendi hiyo katika dhifa ya Ikulu ya Nairobi, na kwa siku kadhaa baada ya hapo hapakuwa na sherehe mtaani kwetu ambayo haikurudia hatua zile, wakiwemo wazee ambao hadi wakati huo waliwaita waimbaji hao vijana wasiovaa mashati.

Anayechagua wimbo wa harusi, basi, ajiulize unatakiwa wakati gani. Bibi harusi anapoingia ukumbini, au wawili wanapokata keki na watu wametulia, Lazizi unafaa kuliko Sura Yako, kwa sababu haumlazimishi mtu kuinuka na haushindani na machozi ya mama mzazi. Chakula kikishaliwa na meza zikasogezwa pembeni, Lazizi utaua sherehe, na Sura Yako utaiokoa. Upo pia Sura Yako uliorekodiwa upya pamoja na Iyanya wa Nigeria, nao haukuongeza chochote ambacho wimbo wa awali haukuwa nacho. Sioni sababu ya kuuchagua badala ya ule wa kwanza, labda kwa mwenye kupenda sauti ya Iyanya kwa ajili yake mwenyewe. Kwa kipimo changu cha gitaa moja, Lazizi unapita bila shida, ilhali Sura Yako unapita nusu: kiitikio chake kinaimbika popote, lakini ukiuondolea ngoma, beti zake zinabaki zikisubiri kitu ambacho hakiji.

Nishike, nao wa mwaka 2014, siuweki katika ulinganisho wa harusi. Video yake ilizuiwa na baadhi ya vituo vya televisheni nchini Kenya kwa sababu ya picha zake, na kelele zilizofuata ziliufanya ujulikane kuliko unavyostahili kimuziki. Mwaka huohuo bendi ilitwaa tuzo ya MTV Ulaya ya msanii bora wa Afrika, na sisi wanafunzi tulioshindwa kuiona video hiyo tulikuwa na hakika kwamba ndiyo iliyoleta tuzo. Sikiliza wimbo wenyewe ukiwa umefumba macho: ni mzuri wa kawaida.

Kundi la pili ni la nyimbo zenye ujumbe, na hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mgumu. Wamewahi kuimba kuhusu polisi na raia katika Blue Uniform, tangu albamu ya kwanza; mwaka 2018 wakaimba Tujiangalie pamoja na Nyashinski, wakiwataka Wakenya wajitazame wenyewe kama taifa kabla ya kumnyooshea mtu kidole; na kati ya hizo mbili ukaja Nerea, walioimba na Amos na Josh, vijana wawili waliokuwa wamejulikana kupitia shindano la Tusker Project Fame.

Nerea ni maombi ya mwanamume kwa mwanamke aliyembebesha mimba, akimsihi asiitoe. Hoja yake ya kwanza ni ya kimethali, kwamba Mungu akileta mtoto humletea na sahani yake, na hoja ya pili ndiyo iliyoufanya wimbo usisahaulike: mwimbaji anaanza kutaja watu ambao mtoto huyo huenda akawa mmoja wao. Jina linatajwa, kisha kazi ya mwenye jina inafuata katika mstari huohuo, halafu jina jingine, kwa mpangilio usiobadilika. Wangari Maathai yumo kwa ajili ya mazingira, Nyerere kwa uongozi wa Tanzania, Mandela kwa ukombozi, Obama kwa kuitawala Marekani, Kenyatta kwa kuanzishwa kwa taifa, Lupita Nyong'o kwa Oscar ambayo alikuwa ameipata mwaka mmoja tu kabla ya hapo, na Wanyama kwa soka ya Uingereza. Mpangilio huo una kazi yake. Kila mstari ukishasikika mara moja, msikilizaji anaweza kuumalizia jina likitajwa tu, na anayeujua wimbo vizuri huanza kuongeza majina yake mwenyewe. Wadogo zangu walimwingiza humo mwenye duka la jirani kwa sababu ya mandazi yake, na mizani ya mstari haikuharibika hata kidogo. Nyimbo nyingi zenye ujumbe hukuambia ufikiri nini, lakini huu umeacha nafasi ya jina moja zaidi, na naamini hiyo ndiyo sababu watoto wadogo wasiojua unazungumzia nini waliukariri kabla ya wakubwa.

Hata hivyo una upungufu ambao shabiki mwaminifu hapaswi kuufunika. Nerea mwenyewe hasemi neno. Sauti zote ni za wanaume, wote wanaomba, wote wanaahidi kulea, na anayeombwa hana ubeti hata mmoja wa kueleza hofu yake, umri wake, au kama anayemwomba ameshawahi kutimiza ahadi nyingine yoyote. Nilipokuwa na miaka 19 sikuliona jambo hilo, na sasa kila nikiusikiliza ndilo ninalolisikia kwanza. Kwa hiyo anayeuchagua kwa ajili ya mjadala darasani au katika kikundi cha vijana anachagua vizuri sana, kwa sababu kimya cha Nerea kinatoa swali la kuanzia. Anayeuchagua ili kumaliza mjadala anautumia vibaya.

Tujiangalie ni wa namna nyingine kabisa. Umo katika Afrikan Sauce, albamu ambayo karibu kila wimbo wake uliimbwa na msanii mgeni, na mgeni wa safari hii si wa kupamba tu. Nyashinski, aliyetoka katika kundi la Kleptomaniax, anarap kwa Kiswahili cha Nairobi kinachokwenda mbio na kusimama ghafla panapouma, huku Sauti Sol wakibaki na kiitikio cha taratibu, kama wazee wa baraza wanaosubiri kijana amalize kusema. Wimbo una akili na una ujasiri, lakini unahitaji msikilizaji anayeifuatilia siasa ya Kenya. Nimewahi kuuweka mbele ya rafiki kutoka Mwanza, akausikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaomba turudie Nerea. Kwa Mkenya anayetaka wimbo wa kumtafakarisha, nampa Tujiangalie. Kwa msikilizaji mwingine yeyote wa Kiswahili, Nerea unatangulia, maana majina yaliyomo ni ya Afrika Mashariki na ya dunia nzima, na lugha yake inaeleweka kuanzia Kigoma hadi Lamu. Blue Uniform naupendekeza kwa yule tu anayetaka kujua walianzia wapi, ingawa naona unaonyesha kwamba jicho lao la kuitazama jamii halikuja na umaarufu.

Kipimo cha umeme kukatika hakina kazi kubwa kwa Nerea, kwani hapo gitaa na sauti ndizo zinazobeba kila kitu tangu mwanzo. Kinapata kazi yake halisi kwenye Kuliko Jana, wimbo ambao bendi yenyewe iliufanyia jaribio hilo mbele yetu.

Kuliko Jana upo kwa namna mbili. Wa kwanza ni ule wa albamu ya Live and Die in Afrika ya mwaka 2015, waliourekodi na mpiga kinanda Aaron Rimbui. Wa pili ni ule wa sauti tupu, uliotoka mwaka uliofuata, ambao waliimba na kwaya ya RedFourth Chorus bila ala yoyote. Maneno ni yaleyale: Bwana ni mwokozi na kiongozi, naye anampenda mja wake leo kuliko alivyompenda jana. Ni wimbo wa dini uliotungwa na bendi ya muziki wa dunia, na kwa muda palikuwa na waumini waliosita kuuimba kanisani kwa sababu ya waliouimba. Kusita huko kumepungua sana, na sasa si ajabu kuusikia katika misa za shule na katika mazishi.

Katika toleo la albamu, kinanda ndicho mwenyeji. Kinafungua njia, kinajibu kila mstari, na waimbaji wanapumzika juu yake. Ni toleo la kusikilizwa na mtu aliye peke yake, usiku, kwa vipokea sauti vya masikioni. Katika toleo la kwaya, mahali palipokuwa na kinanda pamejazwa na watu, na kwa kuwa hakuna ala ya kuficha lolote, unasikia hata pumzi zao kabla ya mstari kuanza. Sauti ya nne inashikilia sakafu kwa silabi chache zinazorudiwa, za kati zinajaza, na kiitikio kinaporudi kwa mara nyingine kinakuwa kizito kuliko kilivyoondoka, bila mtu kuongeza mwendo. Maana ya maneno inatendeka ndani ya muziki: leo kuliko jana, mzunguko huu kuliko uliopita. Sijui kama walikusudia hivyo, lakini ndivyo unavyofika sikioni.

Kwa kwaya inayotafuta wimbo wa kujifunza, toleo la pili ndilo la kuchukua, kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba sauti ya nne iwe na watu wasiopungua watatu wenye uhakika, kwa sababu hapo ndipo kwaya nyingi za vijana huporomoka: kila mvulana anataka kuimba mstari wa Bien, na hakuna anayekubali kubaki chini akirudia silabi zilezile. La pili ni kutouanza juu. Waimbaji wasio na ala hupanda bila kujua, na ukianza juu, kufikia kiitikio cha mwisho sauti ya kwanza itakuwa inapiga mayowe. Kwa mtu anayejifunza kinanda, au anayetaka kusindikiza ibada ndogo ya nyumbani, toleo la Aaron Rimbui lina mengi zaidi ya kumfundisha. Na kwa anayeuliza ni lipi lililo zuri zaidi bila kujali matumizi, jibu langu ni la kwaya, tena kwa tofauti kubwa.

Nyimbo za kushirikiana na wageni nitazipitia haraka. Unconditionally Bae, wa mwaka 2016 pamoja na Alikiba, ndio unaofaa kwa msikilizaji wa Tanzania, kwani sauti ya Alikiba imeingia humo kana kwamba bendi ilikuwa ya watu watano siku zote. Melanin, wa mwaka 2017 pamoja na Patoranking wa Nigeria, uliwafikisha mbali, umeimbwa zaidi kwa Kiingereza, na kwa sikio langu ungeweza kuimbwa na kundi lolote hodari la bara hili. Hilo ni sifa kwa mtu mmoja na lawama kwa mwingine. Short N Sweet, wa 2018 na Nyashinski yuleyule wa Tujiangalie, ni wa kucheza tu, na kwa kucheza unatosha. Kati ya hizo tatu, mwenye nafasi ya wimbo mmoja katika orodha yake achukue wa Alikiba.

Zimebaki za mwisho. Watu wa rika langu wana tabia ya kusema kwamba bendi iliisha mwaka 2015, na kauli hiyo siikubali, kwa sababu Suzanna upo. Ulitoka mwaka 2020, ukaingia katika Midnight Train, na ndani yake walirudi kwenye gitaa lenye ladha ya zilizopendwa, gitaa ambalo baba zetu walilifahamu kabla sisi hatujazaliwa. Anayeimbwa ni msichana aliyebadilika baada ya kuonja maisha ya fedha, na mwimbaji anamlalamikia kwa utani zaidi kuliko kwa uchungu. Ukiulinganisha na Lazizi utaona jinsi walivyokomaa: katika Lazizi mwanamume anaomba na anaamini atapewa, katika Suzanna anajua kwamba hatapewa na ameamua kulifanyia mzaha jambo hilo. Naupendekeza kuliko Insecure na kuliko wimbo wenyewe wa Midnight Train, ambazo ni nyimbo nzuri za albamu hiyohiyo lakini zinamtaka msikilizaji aliyezoea muziki wa Kimarekani. Brighter Days, waliouimba na Soweto Gospel Choir wa Afrika Kusini, ni wa pili katika albamu hiyo kwangu mimi, na aliyependa Kuliko Jana wa kwaya atauona kuwa ndugu yake, ingawa ni ndugu aliyevaa nguo za gharama zaidi.

Extravaganza, wa 2019, ambao waliwakaribisha ndani yake Bensoul, Nviiri, Crystal Asige na kundi la Kaskazini, nautaja kwa sababu vijana wa sasa huanzia hapo. Ni mchangamfu, una Sheng nyingi, na maneno yake si ya kila sikio. Kwa hiyo anayetayarisha orodha ya safari ndefu ya gari pamoja na familia nzima, kwa mfano kutoka Nairobi kwenda Kakamega, namshauri aanze na Nerea wakati watoto wangali macho na wanataka kutaja majina, afuatishe Suzanna kwa ajili ya baba aliyeketi mbele, aweke Kuliko Jana wa kwaya mtakapokuwa mnapanda Mau na ukungu umeingia barabarani, na Extravaganza ausubirishe mpaka shangazi ashuke Kisumu.